Vikombe vya Mwisho Kutoka Laini Saba

Watu wanapenda chuma kinachong'aa, na mimi nawadharau kwa hilo. Jembe hung'aa kwa sababu limelima. Katika karakana niliyofanyia kazi Kawangware, vitu vilikuwa vinang'arishwa kabla havijafanya kazi yoyote, kisha vinapakwa rangi ya kijani, kisha vinaletwa mezani kwangu nivikague. Kumpa mkaguzi kitu kilichokwisha pakwa rangi ni kama kumwita mtu aonje mchuzi wakati wageni wameshanawa mikono.

Mwenye karakana alikuwa mwenye ploti kwanza, mengine baadaye. Ardhi aliachiwa na baba yake. Mbele alijenga vyumba vya kupangisha, na nyuma, mahali ambapo hakuna mpangaji angekubali kulala, akaweka leth mbili za kuzungushia chuma kikichongwa, mashine ya kutoboa na mashine ya kuchonga chuma kiwe bapa. Alikuwa mzee wa kanisa. Neno lake kubwa lilikuwa "safi". Alikuwa akipita kati ya mashine, mikono nyuma, anatazama chuma jinsi anavyotazama mlango wa nyumba yake ya kupangisha: kama rangi ipo, basi kila kitu kipo. "Safi," anasema, na anaenda zake. Hakuwahi kushika kipimo mbele yangu.

Mimi nilisoma hadi darasa la nane. Niliingia pale kufagia mabaki ya chuma kilichochongwa chini ya mashine. Mkaguzi aliyekuwapo, mzee mkali ambaye sasa amerudi kwao Kitui, aliniona naokota vipande na kuvipanga kwa ukubwa, akaniambia niache ufagio. Alinifundisha kwa maswali.

"Umewahi kuona sufuria ikicheza juu ya mafiga matatu?"

"La."

"Na ukiongeza la nne?"

"Itacheza."

"Basi umeshajua nusu ya kazi."

Nusu hiyo ni hii. Chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye mchanga hutoka na ngozi mbaya, vipele na mabonde. Ukikilaza kwenye meza bapa, kitakaa kwenye kipele chochote kitakachotangulia, na kesho mwenzako akikilaza kitakaa kwenye kipele kingine, na kila mmoja wenu atapata vipimo vyake na kuapa kwamba ndivyo. Kwa hiyo anayechora anachagua mahali penyewe. Anaweka alama kwenye mchoro, duara dogo lililokatwa katikati kwa mstari, na herufi na namba ndani yake: A moja, A mbili, A tatu. Pointi tatu za kukalia. Halafu B moja na B mbili ubavuni, kitu kisizunguke. Halafu C moja kichwani, kisiteleze. Pointi sita, na chuma hakina pa kwenda. Vipimo vyote vya mwanzo huanzia hapo, kwenye ile ngozi mbaya, si mahali panapong'aa.

Na zile namba zilizofungiwa ndani ya kisanduku kwenye mchoro hazipimwi kwenye chuma. Zinakuambia uweke wapi jeki yako, kile kiguu kidogo cha kukalishia chuma. Siku moja mpwa wa bosi, aliyeletwa kutusimamia, alizunguka na kalipa, kile kipimo cha taya mbili, akipima namba za visanduku kwenye kila kitu, akitikisa kichwa kwa furaha. "Ziko sawa zote," akatangaza. Alikuwa amepima mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameweka kidole. Walimpigia makofi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vikombe. Hivyo ndivyo tulivyoviita. Ni pete nene ya chuma yenye miguu miwili, ambayo ndani yake hukaa beringi ya mashine ya kusaga unga. Kila mashine ina viwili, kimoja kila upande, na kati yao huzunguka ule mti wa chuma wenye nyundo zinazoponda mahindi. Zinazunguka kwa kasi ambayo macho hayaioni. Mbele yake husimama akina mama na mifuko yao. Kikombe kikipasuka, ule mti hauna wa kuushika.

Vikombe hivyo vilikuwa vinamiminwa Laini Saba, karibu na reli, kwenye kibanda cha mabati cha mume wangu na mdogo wake. Mume wangu alikuwa na mfano wa mbao, na kwenye mfano alikuwa amebandika nundu ndogo sita, kila moja kama kifungo cha koti, mahali zilipo zile pointi za mchoro, ili yeyote atakayekishika chuma ajue kinakaa wapi. Alizitunza nundu zile kuliko viatu vyake. Anashindilia mchanga kwenye sanduku la chini, anashindilia kwenye sanduku la juu, anatoa mfano, anafunika, anamimina. Mdogo wake alikuwa anapuliza moto na kuvunja vyuma vikuukuu vya kuyeyusha.

Kwa hiyo kazi ya mume wangu ilikuwa inakuja kwenye meza yangu. Wenzangu walifanya mzaha wao.

"Mathe, leo unampima mzee tena?" fundi wa leth alikuwa ananiuliza, mtu wa Machakos mwenye sauti kubwa.

"Nampima kila siku."

"Na anatosha?"

"Wewe chonga chuma."

Nilishawahi kukataa vikombe vyake, si mara moja. Jioni, nyumbani kwetu Soweto West, alikuwa anakula bila kusema kitu, ananawa, kisha anauliza: "Ni upande gani?" Ninamwambia. Anafikiri. "Nimeona," anasema, na hapo ndipo tunaanza kuzungumza mambo mengine. Hakuwahi kuniuliza kwa nini nimekataa. Aliuliza upande tu. Sijakutana na mwanamume mwingine wa namna hiyo, na sitafuti.

Kifua ndicho kilichomuua. Mwishoni alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, lakini alikuwa anakwenda kazini. Juu ya mazishi sina la kusema, isipokuwa kwamba niliambiwa pole na watu wengi ambao walikuwa wanatazama sufuria nyuma yangu.

Niliporudi kazini, vikombe vyake vya mwisho vilikuwa vimeshafika, vimeshapitishwa kwenye grainda, lile jiwe la kusagia chuma, vimeshachongwa, vimeshapakwa rangi ya kijani. Fundi wa leth aliviweka mezani kwangu kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayeweka mayai. Hakufanya mzaha siku hiyo.

Kwanza nilitafuta nundu. Hazikuwapo. Kijana wa grainda alikuwa amezisawazisha zote. Hayo ni mafunzo ya bosi: kitu chochote kinachochomoza ni uchafu. Nilikuwa nimeshamwambia bosi kwamba zile nundu ndizo miguu ya kazi nzima, naye akanijibu kwamba mteja hawezi kununua kitu chenye chunusi. Kwa hiyo fundi alikuwa amevikalisha vikombe popote vilipokubali kukaa, akachonga chini ya miguu, kisha akatoboa tundu la beringi akipimia kutoka pale alipochonga.

Kutoka chini ya miguu hadi katikati ya tundu, vilikuwa sawa. Lazima viwe sawa. Ukikata kitu na kisu, kisha ukapima kutoka pale kisu kilipopita, utapata kile kilichokusudiwa na kisu. Mtu mjinga anaweza kuishi maisha yake yote akipima hivyo na asikutane na kosa hata siku moja. Niligeuza kikombe, nikapima unene wa pete kwenye mdomo wa nyuma. Upande wa kulia, chuma kinene kupita kiasi. Upande wa kushoto, ukuta mwembamba kama wa bakuli. Nikachukua cha pili. Kushoto tena. Vyote vilikuwa hivyo.

Bosi alikuja kwa sababu meza yangu ilikuwa kimya na hakuna kitu kilichokuwa kinaondoka. Nilimwonyesha. Hakutazama kikombe, alinitazama mimi, na akashusha sauti ile ya kanisani.

"Mama. Hii ni kazi ya mwisho ya mzee."

"Najua."

"Mikono yake hiyo. Utaikataa kweli? Hata mimi, ambaye si mke wake, siwezi."

"Itapasuka, bosi."

"Hatujui."

"Pima hapa."

"Si mambo ya kupima, mama. Ni mambo ya heshima. Vitu viende, vifanye kazi, watu wale unga, na huko aliko afurahi."

Nimesikia watu wakimtumia marehemu kwa mambo mengi, kugawana shamba, kuingia kwenye kamati, kunywa chai ya bure. Lakini sikuwa nimesikia mtu akimtumia kupitisha ukuta mwembamba. Nilimwambia kwamba sivipitishi. Na hapo, muda ule ule, bila hata kukohoa, aligeuka upande wa pili wa jambo.

"Basi ni yeye. Mtu mgonjwa anamiminaje chuma? Mteja akiuliza, tutasema hivyo. Marehemu alikosea. Mungu amrehemu."

Dakika ile ile iliyomfanya mume wangu kuwa wa kuheshimiwa ndiyo iliyomfanya kuwa wa kulaumiwa, na yote mawili kwa faida ya rangi ya kijani.

Habari ilifika Laini Saba kabla yangu. Shemeji yangu, yule mdogo wa marehemu, alikuja Kawangware kesho yake akiwa na masizi usoni, akasimama mlangoni na kupiga kelele mpaka wapangaji wakachungulia.

"Ni grainda yenu! Mnakata nundu halafu mnasema kaka yangu! Kikombe kimelala kama mlevi, mnakichonga hivyo hivyo! Nyinyi ni mafundi wa rangi!"

"Wewe nenda ukapulize moto," bosi akamjibu.

"Na wewe nenda ukahubiri!"

Fundi wa leth akacheka, kisha akakumbuka anakula wapi, akanyamaza.

Nitasema ukweli. Nilitaka shemeji awe na haki. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kipimo chochote. Maneno yake yalikuwa na akili ndani yake: nundu zikisagwa bila kulingana, chuma kinainama, na kikiinama, tundu haliwi katikati. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi mume wangu alimimina vizuri mpaka mwisho, na walioharibu ni hawa wenye mikono nyuma. Lakini bosi alikuwa anapiga kelele bila kupima, na shemeji alikuwa anapiga kelele bila kupima, na mimi nisingeweza kuchagua kati ya kelele mbili kwa sababu moja ilikuwa inanipendeza.

"Kimebaki chochote cha siku ile?" nilimuuliza shemeji.

"Viwili. Havijaletwa. Viko na mchanga wake."

"Usiviguse."

Nilikwenda Laini Saba Jumapili, saa ambazo bosi alikuwa anasimama mbele ya watu na kitabu mkononi. Shemeji alinifungulia kibanda. Vikombe vile viwili vilikuwa chini ya gunia, vyeusi, vibaya, na nundu zake zote. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeweza kulia kwa kuona nundu ya chuma. Sikulia. Nilipiga magoti, nikashika kimoja, na kidole gumba changu kikapita juu ya mshono, pale ambapo nusu mbili za sanduku zinakutana.

Kulikuwa na ngazi. Nusu ya nyuma ya pete ilikuwa imeteleza kando, na kucha yangu ilikwama pale.

Kidole kilijua kabla yangu. Nilipitisha tena, kana kwamba ngazi ingeondoka. Kwenye vile vya Kawangware grainda ilikuwa imeisawazisha pamoja na nundu. Shemeji alikuwa amesimama juu yangu, ameona mkono wangu umesimama.

"Sanduku liko wapi?" nikauliza.

Alilivuta kutoka pembeni. Masanduku mawili ya mchanga hushikana kwa pini, moja kila upande, ili la juu likae juu ya la chini bila kuteleza. Pini moja ilikuwa imelika mpaka inacheza. Ya pili haikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa pamefungwa waya, umezungushwa na kukazwa kwa koleo, waya wenye ngozi ya plastiki ya bluu. Ilikuwa kamba yetu ya kuanikia nguo. Ilipotea pale Soweto West wiki zile alizokuwa anakohoa zaidi, nami nilidhani ni watoto wa ploti. Kutengeneza pini mpya kunataka kusimama kwa leth ya mtu nusu siku, na yeye alikuwa hawezi kusimama nusu siku. Akafunga waya. Kila fundi wa pale amewahi kufunga waya. Waya hushika kitu kisianguke, lakini haumzuii mtu kukisukuma kando kidogo, akiwa anakohoa.

Shemeji alichuchumaa. Sauti yake haikuwa ile ya Kawangware.

"Shem. Nina tupa hapa. Nikipitisha kidogo kwa huo mshono, hakuna mtu atajua. Tutasema ni grainda. Si grainda pia ina makosa?"

"Ina makosa yake. Hili si lake."

"Ni jina lake, shem. Jina la bwanako. Watasema kila mahali, kutoka hapa mpaka Kianda."

"Wataniambia mimi, basi."

"Wewe una roho gani?"

Nilivifunga vikombe kwenye gunia, nikatafuta boda boda.

Jumatatu nilivipima mbele yao wote. Niliweka jeki tatu ndogo juu ya meza bapa, mahali namba za visanduku zinaposema, nikakilaza kikombe juu yake kwenye nundu zake tatu. Kilitulia kama sufuria. Nikakisogeza ubavu mpaka kikagusa vizuizi viwili, nikakisukuma mpaka kikagusa cha kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu afe kuona kazi yake imekaa alivyokusudia ikae. Nilisubiri kidogo. Kisha nikapima. Nusu ya mbele ya pete ilikuwa pale mchoro unapotaka. Nusu ya nyuma haikuwapo pale. Nikapima cha pili. Hivyo hivyo.

"Ni kosa la kumimina," nikasema. "Sanduku liliteleza. Hata kama nundu zisingesagwa, ukuta ungekuwa mwembamba."

Shemeji alikuwa mlangoni. Alitema mate nje, akaondoka.

"Si nilisema?" bosi akasema. Alifurahi mno, alikaribia kunishika bega. "Si nilisema mimi? Nilijua kwa kutazama."

Huyo ndiye niliyemdharau kuliko wote. Shemeji alikosea kwa sababu ya kumpenda mtu. Bosi alipata kwa sababu ukweli ulianguka karibu na mguu wake alipokuwa anatembea. Siku chache kabla, chuma kile kile kilikuwa cha heshima na kilistahili kwenda kusaga unga wa watu. Hakujua kitu, na sasa hakujua kwamba hajui. Alitoka nje kuwaambia wapangaji.

Vikombe vilirudishwa Laini Saba, vya kijani na vyeusi. Nilikwenda kuviona vikivunjwa, kwa sababu nisingependa vivunjwe mbele ya watu baki tu. Shemeji alishika nyundo bila kunisalimu. Chuma cha kumimina hakipindiki, kinakatika, na ndani yake ni kijivu kama ugali wa mtama uliolala. Kila kimoja kilikatika kwanza upande wa kushoto, nyuma. Baada ya vichache alianza kutazama mahali pa kupasuka kabla ya kuinua kingine. Alipomaliza alikata ule waya wa bluu kwa koleo, akautupa juu ya rundo, kisha akaurudia, akauweka mfukoni. Fundi wa leth alikuwa ametuma pini mbili mpya zimefungwa kwenye gazeti, na hakutaka bosi ajue.

Baadaye kulikuwa na maombi ya ukumbusho nyumbani, Soweto West. Watu walijaa chumba wakafika hadi kwenye ngazi. Bosi alikuja na suti, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa alipewa nafasi ya kusema. Alisema mume wangu alikuwa fundi wa ajabu. Alisema katika miaka yote hakuwahi kuona kazi yake ikiwa na dosari. Alisema, na akafunga macho aliposema hivyo: "Huyu mtu hakuwahi kukosea. Hata mara moja."

Watu wakasema amina.

Nilikuwa nimeshika birika. Kama angesema kitu kingine chochote, kwamba alikuwa mpole, kwamba alipenda chai yenye tangawizi, ningemwacha. Lakini alikuwa anamsaga mume wangu. Alikuwa anamsawazisha nundu zote ili amwache aking'aa pale, mtu asiye na mahali pa kukalia.

"Alikosea," nikasema.

Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba huzuni imenipanda kichwani. Mwingine akanivuta kitenge nikae. Bosi alifungua macho, akatabasamu tabasamu lile la kumsamehe mjane.

"Mama, leo tusiseme mambo hayo."

"Alikosea, na nilipima. Na alipokosea alikuwa anataka kujua."

Nilimwona mhubiri akitafuta ukurasa. Kisha kutoka kwenye ngazi nje ya mlango, ambako alikuwa amesimama muda wote bila kuingia, nikasikia sauti ya shemeji, iliyokwaruzwa na moshi kama ya kaka yake.

"Ni upande gani, shem?"

"Kushoto," nikasema. "Nyuma."

"Nimeona," akasema.

Akaingia, watu wakampisha, nikammiminia chai.